MWAKA WA NDEGE KWA BAISKELI: Namna ya kuupanga ukiwa Mwanza, una kazi na una familia

Kwanza niweke jambo moja sawa. Ndege ninaowazungumzia leo sio wale wanaotua pale Ilemela wakitokea Dar. Ni ndege wenye manyoya. Nasema hivyo kwa sababu kila nikimwambia mtu "mwaka huu nahesabu ndege" ananiuliza kama nimepata kazi uwanjani!

Makala hii ni ya kutunza. Kama upo kafe na dakika zinakwenda, iprinti au inakili kwenye daftari, utaihitaji baadaye. Nimeandika kwa ajili ya kijana wa Mwanza na mwambao wa ziwa mwenye baiskeli ya kawaida, kazi isiyomwacha na nafasi nyingi, na watu nyumbani wanaomtegemea. Mwenye gari na mshahara mnono anaweza kusoma pia, lakini yeye hana shida ya kupanga.

MWAKA WA NDEGE NI NINI?

Ni mchezo usio na refa. Kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31 unaandika kila AINA ya ndege uliyoiona au kuisikia. Sio idadi ya ndege, ni aina. Yangeyange ukiwaona elfu moja bado ni aina moja. Mwisho wa mwaka unajumlisha.

Wenzetu huko nje wamefanya makubwa. Mwaka 1973 kijana Mmarekani Kenn Kaufman, ambaye alikuwa ameacha shule akiwa na miaka 16, alizunguka Amerika Kaskazini kwa kudandia lifti akitafuta ndege. Mwaka 2015 Noah Strycker aliona aina 6,042 katika mwaka mmoja duniani kote, na mwaka uliofuata Mholanzi Arjan Dwarshuis akampita kwa aina zaidi ya 6,800. Hao wawili walipanda ndege za chuma mno, ndiyo maana baadhi ya watu wakaanza kujiuliza: hivi tunawapenda ndege kweli kama tunachoma mafuta yote haya kuwafuata?

Hapo ndipo baiskeli ikaingia. Kati ya 2007 na 2008 Malkolm Boothroyd, kijana wa Kanada aliyekuwa na miaka 15 wakati anaanza, alisafiri kwa baiskeli pamoja na baba na mama yake zaidi ya kilomita 20,000 wakihesabu ndege. Mwaka 2014 Dorian Anderson alizunguka Marekani mwaka mzima bila tone la petroli, zaidi ya kilomita 28,000, akafikisha aina 618.

Sasa usisome hizo namba ukakata tamaa. Boothroyd alikwenda na familia. Anderson aliacha kazi. Mimi na wewe hatuwezi kuacha kazi, na mama zetu hawawezi kufunga biashara wakapanda baiskeli kwenda Florida. Kwa hiyo mwaka wetu lazima uwe na mpango wa aina nyingine.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nilishawahi kujaribu nikashindwa mwezi wa pili tu. Nawaambia ili msirudie.

Nyumbani tuna baiskeli moja. Mama anauza dagaa, na mimi ndiye ninayembebea magunia kutoka Mwaloni Kirumba asubuhi kabla sijaenda kibaruani. Jumamosi moja nikaamka mapema nikachukua baiskeli nikakimbilia Igombe, kichwani nikiwaza ndege tu. Nikarudi saa nane mchana na aina mpya kumi na moja kwenye daftari, nacheka mwenyewe. Kufika nyumbani nakuta Mama alilazimika kukodi pikipiki kubeba mzigo, na faida ya siku ile karibu yote imeishia kwenye nauli. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Hao ndege wako, baba, wanalipa nauli?"

Nikakosa jibu. Nikaweka daftari kabatini hadi mwaka ukaisha.

Kosa halikuwa kupenda ndege. Nilichokosea ni kuongeza safari mpya juu ya maisha yaliyokwisha kujaa. Usukumani baiskeli sio kitu cha kuchezea, ni mguu wa familia. Inabeba maji, mkaa, dagaa, mgonjwa na mtoto wa shule. Ukiichukua kwa ajili ya starehe yako kuna mtu ataumia.

Kanuni niliyojifunza ni hii, na makala yote imesimama juu yake: USIONGEZE SAFARI KWA AJILI YA NDEGE. ONGEZA NDEGE KWENYE SAFARI ULIZO NAZO. Safari mpya ziwe chache, zijulikane mapema, na kila mtu nyumbani awe amekubali.

KANUNI ZA MCHEZO

Andika kanuni zako ukurasa wa kwanza wa daftari kabla ya Januari 1, usizibadilishe katikati:

1. Ndege anahesabiwa ukimfikia kwa baiskeli au kwa miguu kutoka nyumbani. Ukimwona ukiwa kwenye daladala mwandike orodha ya pembeni.

2. Vivuko na boti uamue mapema. Kisiwa cha Saanane kiko jirani kabisa na Capri Point, lakini kukifika unapanda boti. Ukerewe kwa meli ya Nansio ni hivyo hivyo. Mimi naweka orodha mbili: ya baiskeli tupu na ya baiskeli pamoja na kivuko.

3. Kusikia ni sawa na kuona, mradi una uhakika wa sauti hiyo.

4. Ndege wa kufungiwa hahesabiwi. Wala wa kuangushwa kwa manati. Wengi wetu tulianza kujua ndege kwa manati, tukubali tu. Lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inalinda wanyamapori, na ndege wa porini wamo humo. Manati iache nyumbani.

5. Huna uhakika? Usiandike. Hakuna anayekukagua, kwa hiyo ukidanganya unajidanganya mwenyewe.

MIDUARA MITATU

Chukua ramani, weka nyumba yako katikati, chora miduara mitatu. Baiskeli ya kawaida isiyo na gia, yenye mzigo kidogo, kadiria kilomita 12 kwa saa. Hesabu ya muda yote inaanzia hapo.

MDUARA WA KWANZA: KILOMITA 0 HADI 8. Huu ndio wa kila siku, ndio utakaokupa sehemu kubwa ya orodha. Watu wanaudharau, na hapo ndipo wanapokosea.

Mwaloni Kirumba penyewe ni darasa. Penye samaki na dagaa kuna mwewe, yangeyange, na wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni wanaotembea kama wazee wa kikao. Angalia majini utaona mnandi, weusi, wanapiga mbizi kisha wanatanua mbawa kuzikausha. Capri Point na ufukwe wa Jiwe la Bismarck kuna furukombe (yule tai mwenye kichwa cheupe anayelia kichwa akiwa amekirudisha nyuma), mdiria mweusi-na-mweupe anayesimama hewani kabla ya kudumbukia, na shakwe. Mto Mirongo hata kama umechafuka una fundichuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, ambaye kiota chake kinaonekana kama rundo la kuni limesahauliwa mtini.

Kwenye vichaka vya ufukweni sikiliza ndege mwenye mgongo mweusi na kifua chekundu kama damu. Dume na jike hujibizana haraka sana hadi unadhani ni mmoja. Jina lake la kisayansi ni Laniarius erythrogaster, ukifika kafe liandike utamwona. Kuna pia chozi mdogo mwenye mkanda mwekundu kifuani anayependa mwambao wa ziwa hili, Cinnyris erythrocercus. Mgeni kutoka Ulaya analipa pesa nyingi kuja kumwona, sisi anakaa uani kwetu.

MDUARA WA PILI: KILOMITA 8 HADI 30. Huu ni wa mara moja kwa mwezi. Jiji letu lina barabara tatu kubwa za kutokea, zifuate zote kwa zamu:

Kaskazini, Barabara ya Makongoro kupita Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege hadi Igombe na kuendelea Kayenze. Huko kuna fukwe za wavuvi, mawe na matete. Pale Pasiansi kuna chuo cha wanyamapori, na mtu aliyesoma hapo akikusaidia kutambua ndege mmoja mgumu amekuokolea wiki nzima.

Mashariki, Barabara ya Nyerere kupita Igoma hadi Kisesa, kama kilomita 20. Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma kuna mawe na miti, ndege wa nchi kavu wanaanza kuwa wengi kuliko wa maji.

Kusini, Barabara ya Kenyatta kupita Butimba, Nyegezi na Buhongwa hadi Usagara, kisha Kigongo, kama kilomita 30. Ukikata kulia maeneo ya Nyegezi unaingia Malimbe na Luchelele, na kule ghuba ina mafunjo. Hapo tulia. Ndege wa mafunjo husikika mara kumi kabla ya kuonekana mara moja.

MDUARA WA TATU: ZAIDI YA KILOMITA 30. Safari tatu tu kwa mwaka, basi. Ninazopendekeza:

Ya kwanza ni Magu, kama kilomita 60 kwa barabara ya Musoma. Angalia mahali Mto Simiyu unapokatiza barabara na kwenye mashamba ya mpunga. Korongo, kwarara, bata maji na kitwitwi, usipime. Bibi yangu alikuwa na jaruba huko, na mimi nimekulia kwenye kulinda mpunga dhidi ya kweleakwelea, nikipiga debe tangu alfajiri. Nilikuwa nawachukia wale ndege! Leo nawahesabu.

Ya pili ni Lamadi na geti la Ndabaka la Serengeti, kama kilomita 140 kutoka mjini. Ni siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Hifadhini kwa baiskeli HUINGII, lakini nje ya mpaka kandokando ya barabara kuna ndege wa mbuga. Huko fungua macho kwa cherero wa Fischer (Agapornis fischeri), kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa. Kwao asili ni hapa kaskazini mwa Tanzania, kusini na mashariki ya ziwa letu. Miaka ya 1980 alikamatwa na kuuzwa nje kwa wingi mno, hadi leo yupo kwenye orodha ya dunia ya ndege wanaokaribia kuwa hatarini. Kuna watu Ulaya wanamfuga sebuleni, na kuna watu wa Mwanza hawajawahi kumwona.

Ya tatu ni ng'ambo ya ghuba. Zamani Kigongo–Busisi ilikuwa lazima kivuko. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa, kama kilomita 3 juu ya maji, kwa hiyo upande wa Sengerema sasa unafikika bila kivuko. Uliza kwanza pale pale utaratibu wa wapanda baiskeli.

KALENDA

Mwanza tupo chini kidogo tu ya ikweta, jua linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi mwaka mzima. Kinachobadilika ni mvua na wageni.

JANUARI–FEBRUARI: Anza na nguvu. Wageni wa Ulaya na Asia bado wapo: mbayuwayu, keremkerem, kitwitwi, buabua juu ya ziwa. Januari pia ndio mwezi wa sensa ya ndege wa maji Afrika, iliyoanza mwaka 1991. Februari 2 ni Siku ya Ardhioevu Duniani.

MACHI–MEI: Masika. Njia za udongo ni tope, baki mduara wa kwanza. Lakini ndio wakati wa viota, madume ya kwera yanavaa njano na kusuka. Wageni wanaondoka Aprili, kwa hiyo usiwaahirishe. Jumamosi ya pili ya Mei ni siku ya kuhesabu ndege dunia nzima, pata hata nusu saa.

JUNI–AGOSTI: Kiangazi. Barabara kavu, mpunga unavunwa. Safari ndefu ziweke hapa. Vumbi lipo, funga kitambaa.

SEPTEMBA–OKTOBA: Wageni wanaanza kurudi. Oktoba kuna siku nyingine ya kuhesabu ya dunia nzima.

NOVEMBA–DESEMBA: Vuli. Angalia korongo wanaopita kwa makundi kufuata mvua. Desemba rudi mduara wa kwanza ukawatafute wale uliowakosa karibu na nyumbani. Utashangaa nani bado hayupo kwenye orodha.

RATIBA YA NYUMBANI NA KAZINI

Hapa ndipo miaka mingi ya ndege inakufa. Mimi nafanya hivi.

Asubuhi tatu kwa wiki, saa moja kila moja. Jumatatu na Alhamisi ni siku za mzigo wa Mama, kwa hiyo nafika Mwaloni saa moja kabla, nahesabu, kisha nabeba magunia. Siku ya tatu ni njia ya kwenda kibaruani, natoka mapema nazungukia Capri Point. Asubuhi tatu mara wiki 52 ni saa 156 kwa mwaka, na hakuna hata siku moja baiskeli imekosekana nyumbani. Hizo 156 ni nyingi kuliko likizo ya mtu yeyote ninayemfahamu.

Siku moja kwa mwezi ya mduara wa pili. Tarehe zote 12 zinaandikwa kwenye kalenda ya ukutani mwezi Desemba, familia yote ikiwepo. Sio mimi ninayechagua peke yangu. Shemeji yenu alikata mbili, moja ilikuwa siku ya kliniki ya mtoto na nyingine arusi ya kwao. Nilikubali bila ubishi, na ndio maana hizo kumi zilizobaki hakuna anayenigusa.

Safari tatu ndefu. Ombeni ruhusa kazini mapema, miezi miwili kabla, na bosi mwambie ukweli. Ukisema unaumwa halafu ukaonekana Magu na darubini, umekwisha.

Mambo mengine ya nyumbani:

- Mrudishie mtu muda wake. Kama Jumapili moja ni ya ndege, Jumapili inayofuata wewe ndiye unayekwenda sokoni na kushinda na mtoto.
- Wahusishe. Mdogo wangu wa darasa la tano anatambua sauti kuliko mimi. Mama sasa akifika nyumbani ananiambia, "leo pale kulikuwa na mmoja mwenye miguu mirefu mekundu." Sijui kama anapenda ndege au ananipenda mimi, lakini anaangalia.
- Ugonjwa, msiba, au mzigo wa ghafla unafuta safari. Hakuna mjadala. Ndege watakuwepo mwezi ujao.

BAISKELI NA VIFAA

Baiskeli ile ile ya nyumbani inatosha. Muhimu ni iwe nzima: breki za mbele na nyuma (milima ya Mwanza haina utani), mnyororo wenye mafuta, spoki zisizolegea, keria imara, kengele, taa na kiakisi cha nyuma. Beba pampu, viraka na solusheni, spana na tyubu moja ya akiba. Jifunze kuziba pancha mwenyewe, maana kuna sehemu fundi hayupo.

Darubini ni kifaa cha pili. Ikiandikwa 8x42 au karibu na hapo inafaa. Zinazouzwa kama za kuchezea zinaumiza macho, bora uchangiane moja nzuri na washikaji wawili. Usipokuwa nayo anza hivyo hivyo, ndege wa Mwaloni wanakaribia hadi mita tatu.

Fedha: weka akiba ndogo siku za kazi. Shilingi 1,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni 312,000 kwa mwaka. Hiyo inagawanywa: matengenezo ya baiskeli kwanza (ambayo familia nzima inafaidi), chakula na malazi ya safari ndefu pili, kafe na bando mwisho.

Maji lita 2, karanga au mihogo, kofia, koti la mvua, daftari ndani ya mfuko wa nailoni.

KUTAMBUA NA KUANDIKA

Kitabu kinachoaminika zaidi ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilitoka 2002, toleo jipya 2020. Kina ndege wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Bei yake sio ya mtaani, kwa hiyo tafuteni kimoja mkitumie wengi. Hao hao Stevenson na Fanshawe, pamoja na Andy Roberts, mwaka 1986 waliona aina 342 Kenya katika saa 24 tu! Sisi tuna mwaka mzima, hatuna haraka.

Mwenye simu janja apakue Merlin, ni bure na inasaidia kwa picha na maswali. Ipakue pakiti ya eneo ukiwa na intaneti nzuri, baadaye inafanya kazi hata bila bando. Usiiamini asilimia mia, inakosea.

Kwa majina ya Kiswahili, mengi yapo vitabuni na mtandaoni lakini mengine yametungwa, mtaani hutayasikia. Waulize wavuvi na wazee majina ya Kisukuma, Kikerewe na Kijita, uandike pembeni. Jina la mzee mara nyingi linakwambia tabia ya ndege.

Kila ukisimama mahali andika: tarehe, mahali, saa ya kuanza, dakika ulizokaa, kilomita ulizotembea, watu mlikuwa wangapi, kila aina na idadi. Hayo ndiyo yanayotakiwa na eBird, tovuti ya bure iliyoanzishwa 2002 na maabara ya ndege ya Cornell pamoja na shirika la Audubon la Marekani. Huna simu janja? Jaza daftari wiki nzima, Jumamosi ingia kafe ukazipakie zote, nusu saa inatosha. Piga picha au nakala ya daftari kila mwezi. Daftari likilowa mwezi wa kumi utalia.

USALAMA

ZIWA LENYEWE. Usikanyage maji ya kina kifupi yenye majani, hata kama ndege yuko mita tano. Kichocho kinaingia kwa kupenya ngozi, kinatokana na konokono wa humo. Kama umeshaloa mara nyingi nenda kituo cha afya ukapime, dawa ipo. Na penye matete kuna viboko na mamba. Wavuvi wakisema usipite, usipite.

BARABARA. Usiendeshe gizani kwenye barabara kuu. Mabasi ya Musoma na Shinyanga hayakusubiri. Vaa nguo ya kung'aa, na ukisikia honi ndefu nyuma toka kwenye lami kabisa.

DARUBINI. Usiielekeze uwanja wa ndege, bandarini, kambi za jeshi au polisi. Wala kwenye nyumba za watu, wala kwa wanaooga ziwani! Ukifika mtaa mgeni msalimie mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, mwonyeshe daftari na picha za ndege. Kuna mahali niliwekwa chini dakika arobaini nikieleza. Nilipomwonyesha mzee mmoja picha ya furukombe akacheka, akaanza kunielekeza kiota kilipo. Na ukiona bundi kwenye mti wa mtu, andika kimya kimya. Usitangaze.

KWA NINI TUSUMBUKE?

Mdau mmoja aliniuliza, ukishafikisha aina 150, unapewa nini? Hupewi kitu.

Lakini fikiria. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2000, na kati ya mwaka huo na 2004 ikatangaza maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja la Ziwa Victoria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini wewe mwenyewe unajua hali ya mafunjo ya hapo mtaani kwako. Korongo taji, yule mwenye kilemba cha dhahabu, tangu 2012 yupo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka, na anaishi kwenye mabonde yenye majimaji kama haya haya yanayojazwa vifusi.

Siku mtu akija kuuliza "hapa Luchelele kulikuwa na nini kabla?", nani atajibu? Watalii huja Mwanza kupita kwenda Serengeti, wanalala usiku mmoja. Anayepita njia ile ile mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, masika na kiangazi, ni mtu wa baiskeli. Daftari lako la kaunta buku, lenye tarehe na idadi sahihi, ni ushahidi. Hata siku ambayo hukuona korongo taji ni taarifa, mradi umeandika kwamba ulikuwepo na ulitafuta.

Kwa hiyo wadau, kabla ya Januari fanyeni mambo matatu: chora miduara, kaeni na familia muweke tarehe 12 ukutani, na peleka baiskeli kwa fundi. Mwenye eneo zuri nililolisahau (watu wa Magu, Sengerema, Ukerewe na Musoma mpo?) aandike hapo chini, na penye makosa nisahihishwe.

Na lile swali la Mama nimepata jibu. Ndege hawalipi nauli. Ndiyo maana lazima waje kwenye safari ambayo nauli yake imeshalipwa.

Kazi kwenu!